Mackinnon: Jina la Ukoo Lililovuka Bahari Hadi Mto Tana

Kusini mwa Garsen, huko ambako Mto Tana huanza kulegea na kujitandaza kabla ya kukutana na bahari, kuna mahali paitwapo Golbanti. Wapokomo hulima mpunga na migomba kandokando ya mto, na Waorma huleta ng'ombe wao kunywa maji wakati wa kiangazi. Mgeni apitaye hapo hataona kasri wala mnara, na akiambiwa kwamba kijiji hiki kiliwahi kutajwa katika makanisa na ofisi za Uingereza, huenda akadhani anafanyiwa mzaha.

Hata hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya miaka ya 1880 wamisionari wa Kimethodisti waliokuwa Ribe tangu 1862, wakiongozwa na Thomas Wakefield, walifungua kituo Golbanti ili wawafikie Waorma, ambao siku hizo wageni waliwaita Wagalla, jina wasilolipenda wenyewe. Mei 1886, John Houghton na mkewe Annie, wamisionari waliokuwa wamefika kituoni karibuni tu, waliuawa hapo na wapiganaji wa Kimaasai pamoja na baadhi ya wenyeji. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, wakuu wa Uingereza na Ujerumani waliafikiana juu ya ramani. Kutoka Mto Umba hadi Mto Tana pakawa sehemu ya Mwingereza. Golbanti ikaamka asubuhi ikiwa ukingoni mwa mpaka ambao wakazi wake hawakuulizwa habari zake.

Sasa, mpaka ukishachorwa, lazima apatikane wa kuushika. Aliyejitokeza kuushika hakuwa jemadari wala mfalme. Alikuwa mfanyabiashara wa merikebu kutoka Uskoti, jina lake William Mackinnon. Wanafunzi wetu hulikuta jina hilo katika vitabu vya historia, na wasafiri wa njia ya Mombasa hulikuta katika kaunti ya Kwale, kwenye mji mdogo wa Mackinnon Road. Wengi hulitamka na kupita. Leo nawaomba walimu na wanafunzi tusimame kidogo tuulize: jina hili ni la nani, lilitoka wapi, na lilitafuta nini katika nchi hii?

Tuanze na jina lenyewe, maana mwacha asili ni mtumwa. Katika lugha ya Kigaeli, lugha ya kale ya milima na visiwa vya Uskoti, neno Mac maana yake ni mwana wa. Halina tofauti kubwa na bin ya Waarabu na Waswahili, arap ya Wakalenjin, au ole ya Wamaasai. Mackinnon, basi, ni mwana wa mtu fulani. Mtu huyo ni Fionghuin, jina ambalo wataalamu hulifasiri kuwa mzaliwa mwema au mzaliwa wa haiba. Jina kamili huandikwa Mac Fhionghuin. Lakini katika Kigaeli herufi f ikifuatwa na h hunyamaza, haitamkwi. Hivyo sauti ya mwisho ya Mac ikaruka ikaishika irabu iliyofuata, na masikio ya Waingereza yakasikia Kinnon. Kumbe ile k iliyo katikati ya jina si ya babu hata kidogo. Ni mkia wa neno mwana! Jambo hili halitamshangaza mtu wa pwani yetu, ambako Mwana na Aisha huungana yakawa Mwanaisha, na mpaka wa majina mawili usionekane tena.

Ukoo wa Mackinnon ulikaa katika visiwa vya magharibi mwa Uskoti, hasa Mull na Skye. Mapokeo ya ukoo hudai kwamba babu yao, Fingon, alikuwa wa kizazi cha Kenneth MacAlpin, mfalme aliyefariki mwaka 858. Kila ukoo duniani hupenda kujinasibisha na mfalme, nasi tusiwacheke, kwani hata kwetu shajara za koo aghalabu huanzia mahali pa fahari. Lililo na ushahidi ni kwamba katika karne ya kumi na tano ukoo huu ulikuwa na sauti kubwa katika kisiwa kitakatifu cha Iona, na abati wake wa mwisho wa zama za kale, John Mackinnon, alifariki mwaka 1500. Palepale Skye, kwenye mlangobahari mwembamba, yamesimama magofu ya ngome yao. Hekaya husimulia kwamba binti mmoja wa kifalme kutoka Norwe, aliyeolewa katika ukoo huo, alitandaza mnyororo kuvuka mlangobahari ili kila chombo kipitacho kilipe ushuru. Msomaji auweke mnyororo huo akilini, tutarudi kwake.

Jina jema halikuukinga ukoo na dhoruba. Mwaka 1745 Mackinnon waliunga mkono uasi wa mwana wa mfalme Charles Edward Stuart dhidi ya serikali ya London. Uasi ulivunjwa mwaka 1746, na mkuu wa ukoo, aliyekuwa mzee, alimsaidia mkimbizi huyo kutoroka, akakamatwa na kufungwa. Madeni na mikosi ya siasa vikaja kwa pamoja. Kabla karne ya kumi na nane haijakwisha, ardhi za ukoo katika Skye, na ya mwisho ikiwa Strathaird, zilikuwa zimeuzwa kwa watu wengine. Ndipo ikafuata karne ya machozi, ambapo wenye hati waliona kondoo wana faida kuliko wapangaji. Mwaka 1853, katika wilaya ya Strath iliyokuwa zamani nchi ya Mackinnon, wakazi wa vijiji vya Suisnish na Boreraig walitolewa majumbani mwao kwa nguvu. Watu waliokuwa wameishi hapo tangu enzi za mababu waligundua kwamba karatasi iliyo katika sanduku la mwanasheria ina nguvu kuliko makaburi ya wazee wao.

William Mackinnon hakuzaliwa Skye. Alizaliwa mwaka 1823 katika mji wa Campbeltown, kwenye rasi ya Kintyre, katika familia isiyo na utajiri. Alianza kazi dukani, akauza vyakula, kisha akahamia Glasgow kuwa karani katika biashara za mashariki. Mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 24, alisafiri kwenda Bara Hindi, akaungana na Robert Mackenzie, mtu wa kwao, wakaanzisha kampuni iliyobeba majina yao wawili. Mackenzie nalo ni jina la namna ileile: mwana wa Coinneach. Wana wawili wa mababu wa Kigaeli wakawa wanauza na kununua Calcutta. Mackenzie alifariki katika ajali ya merikebu mwaka 1853, lakini Mackinnon hakulifuta jina la rafikiye kwenye ubao wa kampuni.

Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya merikebu za moshi za kuchukua barua kati ya Calcutta na Burma. Mwaka 1862 ikageuzwa jina na kuwa British India Steam Navigation Company, ambayo wazee wa Mombasa, Lamu na Unguja waliijua kwa miaka mingi, kwa maana merikebu zake ndizo zilizowabeba mahujaji, wafanyabiashara na wahamiaji. Siri ya Mackinnon ilikuwa mbili. Ya kwanza, alitafuta mikataba ya serikali ya kubeba barua na askari, ili safari ya merikebu ilipiwe hata ikiwa shehena ni haba. Ya pili, aliwaweka wapwa na jamaa zake kutoka Kintyre katika afisi za bandari mbalimbali. Jina la ukoo lililokuwa limepoteza ardhi likageuka kuwa rasilimali ya biashara. Kwake yeye undugu ulikuwa dhamana, kama ulivyokuwa kwa Wahadhrami na Wahindi waliofanya biashara katika bahari ileile.

Mwaka 1872 merikebu zake zilianza safari za kila mwezi kati ya Aden na Unguja. Hapo ndipo Mackinnon alipofungamana na Afrika Mashariki. Mwaka mmoja baadaye, 1873, Sultani Barghash bin Said alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mnamo 1877 Sultani huyohuyo alikuwa tayari kumkodishia Mackinnon utawala wa bara kwa miaka 70. Mazungumzo yakavunjika mwaka 1878, kwa kuwa serikali ya Uingereza haikuwa na hamu ya mzigo mpya. Laiti yangefaulu, ramani ya Tanzania na Kenya ingalikuwa nyingine kabisa.

Miaka kumi baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Wajerumani walikuwa wameingia, na Barghash alikuwa ameona milki yake ikimegwa mbele ya macho yake. Tarehe 24 Mei 1887 aliwakabidhi Mackinnon na wenzake, kwa miaka 50, mamlaka ya kutawala na kutoza ushuru katika pwani kutoka Umba hadi Kipini. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria akatoa hati ya kifalme, na Imperial British East Africa Company ikazaliwa, Mackinnon akiwa rais wake. Mtaji wake ulikuwa takriban pauni 250,000. Kwa fedha hizo, ambazo hazikutosha hata kujenga reli ya maili mia, kampuni ilitarajiwa kutawala kutoka Kipini hadi Uganda.

Je, Mackinnon alikuwa mtu wa namna gani? Wanahistoria wamebishana, na walimu wasiogope kuwaonyesha wanafunzi ubishi huo. Wako wasemao kwamba alikuwa Mkristo mwenye bidii aliyechukia utumwa kwa dhati. Ushahidi wao upo. Msimamizi wa kwanza wa kampuni mjini Mombasa, George Mackenzie, alipokuta watumwa watoro wamejificha katika vituo vya misheni, hasa Rabai, aliwalipa mabwana wao fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu 1,421 wakapewa vyeti vya uhuru. Mackinnon na wenzake ndio waliogharimia pia misheni ya Waskoti iliyoanza Kibwezi mwaka 1891, na iliyohamia Kikuyu mwaka 1898. Wakikuyu waliposhindwa kulitamka neno Scot kama wenyewe walivyolitamka, wakalitia katika ulimi wao, nalo likawa Thogoto, jina la mahali hadi leo. Tazama jinsi majina yanavyolipiza: mgeni alileta jina lake, mwenyeji akalivisha nguo za kwao.

Wako pia wasemao kwamba dini na biashara kwake zilikuwa makasia mawili ya mtumbwi mmoja. Alikuwa rafiki wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye baadaye Kongo ilitoa machozi ya damu chini yake. Aliongoza kamati iliyomtuma Henry Morton Stanley kumwokoa Emin Pasha, safari ya 1887 hadi 1889 iliyopoteza mamia ya wapagazi wa Kiafrika kwa njaa na maradhi, na ambayo ilitarajiwa kuleta pembe za ndovu na mikataba. Hata kwao Uskoti jina lake lilitikiswa: benki moja ya Glasgow ilipoporomoka mwaka 1878, alishtakiwa kwa hasara zake, ingawa alikuwa ameacha ukurugenzi mwaka 1870. Mahakama ikamwondolea lawama. Mimi naona wote wana haki. Mtu anaweza kuwa mkweli katika sala zake na bado asione kwamba anachochukua ni cha mwingine.

Turudi Tana. Kaskazini ya mto palikuwa na usultani wa Witu, chini ya ulinzi wa Wajerumani. Kati ya Tana na Mto Ozi palikuwa na mfereji wa Belesoni, uliochimbwa kwa mikono ili mitumbwi ipite kutoka mto hadi mto bila kupambana na mawimbi ya bahari. Watu wa Witu waliweka kituo cha ushuru katika mfereji huo, na kampuni ya Mackinnon ikapinga vikali, ikitaka kiondolewe. Msomaji akumbuke ule mnyororo wa Skye. Ukoo ambao hekaya zake zilijivuna kwa kutoza ushuru kwenye mlangobahari, leo mwana wake alikuwa akigombana na sultani wa Witu juu ya ushuru wa mfereji, karibu na mashamba ya Wapokomo ambao hawakumtuma yeyote kati yao.

Mwaka 1890 Wajerumani walijiondoa Witu kwa mkataba na Waingereza, na jeshi la wanamaji la Uingereza likauteketeza mji huo baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa. Mwaka 1891 kampuni ikakabidhiwa Witu. Mwaka huohuo nahodha Dundas, naye mwenye jina la Kiskoti, alipanda Mto Tana kwa merikebu ndogo ya moshi iitwayo Kenia, akapita sehemu hizo za Golbanti na Ngao na kuendelea mamia ya maili kutafuta njia ya biashara kuelekea bara. Mto ulimpitisha, lakini haukumpa alichotafuta. Una kona nyingi, mchanga mwingi, na maji yake hupanda na kushuka kwa amri ya mvua, si kwa amri ya wenye hisa. Julai 1893 kampuni ikaiacha Witu, kwa sababu gharama ya askari ilizidi mapato.

Mackinnon hakuuona mwisho huo. Alikuwa amefariki mjini London tarehe 22 Juni 1893, akazikwa Clachan, katika Kintyre yake. Mwaka 1889 Malkia alikuwa amempa cheo cha urithi, na katika cheo hicho lilitajwa jina la Strathaird, ile ardhi ya ukoo iliyopotea Skye. Naam, mtu aliyeanza kwa kupima sukari dukani alikuwa amelirudisha jina la nchi ya mababu, walau juu ya karatasi. Lakini hakuacha mtoto, na cheo kikafa pamoja naye. Kampuni nayo ikafuata. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliinunua kwa pauni 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikatolewa katika hazina ya Zanzibar. Kwa maneno mengine, Sultani aliyekodisha pwani yake alilipishwa ili imponyoke. Tarehe 1 Julai 1895 nchi yetu ikatangazwa kuwa himaya ya Mwingereza.

Kilichobaki ni jina. Barabara ya magari ya ng'ombe ambayo kampuni ilianza kuijenga kutoka pwani kuelekea Kibwezi iliitwa kwa jina lake, na kituo cha reli kikalirithi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Waingereza walijenga hapo ghala kubwa la jeshi, wakaliacha baada ya miaka michache. Katika miaka ya Hali ya Hatari palipofunguliwa kambi ya kizuizi, maelfu ya Wakenya waliodai ardhi yao walifungwa mahali penye jina la mtu ambaye ukoo wake ulipoteza ardhi. Leo wapitao husimama pale kuzuru msikiti na kaburi la mcha Mungu, Sayyid Baghali, lililo kando ya reli. Wengi wao humjua Sayyid kuliko wanavyomjua Mackinnon, na pengine hiyo ni haki.

Kuna wanaopendekeza kwamba majina kama haya yafutwe katika ramani. Nawaelewa, lakini siungi mkono. Tukilifuta jina, tutakuwa tumefuta swali pamoja nalo. Mimi ningependa mwalimu wa Garsen, au wa Ngao, au wa Kinango, alisimamishe jina hilo ubaoni na kuwauliza wanafunzi: mtu ambaye ndugu wa damu ya ukoo wake walifukuzwa mashambani kwa hati wasiyoitia sahihi, ilikuwaje asitambue alipotia sahihi hati ya kutawala mashamba ya wengine? Swali hilo halina umri. Katika miaka ya 2000 mipango ya mashamba makubwa ya miwa katika delta ya Tana ilifikisha wenyeji mahakamani. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana juu ya malisho na maji, na zaidi ya watu mia moja wakapoteza maisha. Nyuma ya mapanga na mikuki ile palikuwa na tatizo la zamani: ardhi inayotumiwa na wengi, ilhali karatasi yake iko mbali, mikononi mwa wasioijua.

Mwanafunzi akilijua hilo, atajifunza pia kuliuliza jina lake mwenyewe. Ni mwana wa nani? Babu yake aliishi wapi, na aliondokaje? Mpokomo na Muorma wakiulizana maswali hayo darasani, huenda wakagundua kwamba mababu zao walikunywa maji ya mto mmoja hata kabla merikebu ya Kenia haijapiga honi.

Jambo la mwisho. Ule mfereji wa Belesoni uliogombaniwa ulizidi kupanuka, na Mto Tana wenyewe ukaacha mdomo wake wa zamani, ukaufuata mfereji hadi Ozi, ukawa unamwaga maji yake Kipini. Mtaro uliochimbwa kwa ajili ya mitumbwi ukageuka kuwa mto. Ndivyo yalivyo matendo ya wanadamu: mtu huchimba kidogo kwa haja yake ya siku moja, na wajukuu wa watu wengine huishi kwa kufuata mkondo aliouacha. William Mackinnon alichimba mfereji wa namna hiyo. Hakuacha mwana wa kubeba jina lake, lakini sisi sote, tupende tusipende, tumekuwa tukisafiri katika maji yake.